Walivyoigawa Gramafoni ya Baba

Niseme mapema, ili asiyependa maneno ya hasira ageuze ukurasa: kaka yangu mkubwa nina kinyongo naye mpaka leo. Nimekiungama kanisani mara mbili. Padre amenipa kitubio, nimesali sala zote alizoniagiza, nikarudi nyumbani na kinyongo kikiwa palepale nilipokiacha.

Kisa chenyewe ni gramafoni. Baba yetu alikwenda vita vya Waingereza huko Bama akiwa kijana, na alipotoka huko hakuwa na hadithi za vita. Tulimwuliza sana, hakusimulia. Alichosimulia ni nyimbo. Alizisikia Nairobi, walipokuwa wakingojea kuruhusiwa kurudi makwao, zikipigwa na askari wenzake waliojifunzia gitaa kambini. Zilikuwa nyimbo zilizovuma miaka ile vita vilipokwisha, na baba aliapa kwamba hatarudi Ubena bila hizo. Akarudi na koti la jeshi, kikohozi kisichoisha, gramafoni ya sanduku, ile ya kuzungusha kwa hendeli, na santuri kumi na moja.

Akapata kazi kwenye mashamba ya miwati, miti inayochunwa magome, nje kidogo ya mji wa Njombe, akaoa, akapewa chumba kwenye kambi ya vibarua. Mimi nilizaliwa hapo, miaka kadhaa baadaye, na nyimbo zile zilikuwa bado zinapigwa kana kwamba zimetoka jana. Watu wa mjini walishahamia nyimbo nyingine. Kambini kwetu hapakuwa na nyingine.

Santuri za siku hizo si kama sahani hizi nyepesi walizokuja nazo baadaye. Zilikuwa nzito, nyeusi, na ukiiangusha moja inavunjika kama bakuli la udongo. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, tuliziita kwa rangi za karatasi zake za katikati. Nyekundu ilikuwa ya askari anayerudi akakuta mchumba wake ameolewa. Ya bluu ilikuwa rumba ya lugha ya ng'ambo ambayo hakuna aliyeielewa, kwa hiyo watu wa kambi waliitungia maneno ya Kibena, mengine siwezi kuyaandika hapa. Ya kijani ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Magitaa mawili, sauti mbili: mwanamume anamwomba msichana aje dansini, na msichana anatoa visingizio, mara gauni halijakauka, mara mama anaumwa, mara njiani kuna fisi. Mwisho wa wimbo hujui kama alikwenda au hakwenda. Watu wazima waligombana kabisa juu ya jambo hilo.

Dansi ilikuwa Jumapili mchana, baada ya Misa. Baba alitoa sanduku nje, akaliweka juu ya kigoda, na kiwanja kikajaa. Baba alicheza vizuri, hilo silikatai. Mzee yule mkali, asiyecheka na mtoto, alikuwa akigeuka mtu mwingine, anayumba, anainama, anamzungusha mke wa huyu na dada wa yule. Na mama alikuwa pale kwenye gramafoni, hakubanduka. Sisi watoto tulisema mama anazipenda santuri kuliko hata baba. Tuliamini jambo hilo, tukakua nalo, tukazeeka nalo.

Baba alikufa mimi nikiwa bado nafundisha shule ya msingi. Tulimzika Uwemba, nyumbani kwao. Msiba ulipokwisha, ukoo ukakaa kugawa vitu vyake. Mwenyekiti alikuwa baba yetu mdogo, marehemu sasa, mtu aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa dhambi. Shamba liligawanywa kwa hatua, likapata wenyewe. Ng'ombe hivyohivyo. Baiskeli ilisalimika kwa sababu ilikwisha kuibwa. Wakafika kwenye gramafoni, na kila mwanamume akaitaka.

Mtu mwingine yeyote duniani angesema gramafoni ikae kwa mjane. Baba mdogo akasema kitu cha marehemu kisiachwe kizima mkononi mwa mmoja, kitaleta husuda. Kwa hiyo wakaigawa. Naomba msomaji asidhani natania. Sanduku alipewa kaka mkubwa. Hendeli akapewa mdogo wangu, kitinda mimba. Kikopo cha sindano za kupigia santuri alikichukua baba mdogo mwenyewe, kwa kazi aliyoifanya ya kugawa. Santuri zikagawanywa nyumba kwa nyumba, moja moja, kama sahani za wali, na wajukuu wa kiume nao wakapata. Kila mmoja akapiga makofi, kwamba hakuna aliyeonewa.

Nasi wanawake tulikuwa jikoni tunasonga ugali. Mimi nilipewa shuka la baba. Mama hakupewa kitu kwenye mgawo ule. Walisema yeye anabaki nyumbani kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo fungu lake. Hakuna aliyekwenda jikoni kumwuliza neno. Nilitoka na mwiko mkononi, nikawaambia kuwa wameua kitu ambacho hata risasi za Bama hazikukiua, na kaka akaniambia niangalie ugali usiungue. Ninafundisha watoto wa watu kugawanya kwa baki na bila baki, na wazee wa ukoo wangu wameshindwa hesabu ya kitu kimoja! Nikarudi jikoni. Nilipaswa kuutupa ule mwiko. Sikuutupa.

Tangu siku ile gramafoni haikulia tena.

Sasa nimestaafu, nakaa Njombe mjini, na mama nakaa naye. Amepita miaka tisini. Mwili bado upo, akili ndiyo inayokwenda na kurudi. Kuna siku ananiita kwa jina la mdogo wake aliyekufa, kuna siku haniiti kabisa. Mwaka jana, majira ya baridi, ukungu hautoki mpaka saa nne, alianza kukataa chakula. Namwekea jiko la mkaa karibu, namfunika blanketi, nampa uji wa ulezi, anafumba mdomo. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa isipokuwa umri. Nilimchukia daktari yule kwa wiki nzima, maskini, na hakuwa na kosa.

Kisha siku moja nikiwa namenya viazi nikasikia mama anaimba kwa sauti ya puani. Ilikuwa ya kijani. Nikaidaka, nikaimba naye, nikakosea pale msichana anaposema gauni halijakauka. Mama akanirekebisha. Mtu ambaye tangu asubuhi hajui mimi ni nani alinirekebisha neno la wimbo! Nikampelekea kijiko, akafungua mdomo. Akala nusu kikombe.

Ukawa ndio utaratibu wetu. Naimba, anakula. Lakini mimi sauti sina, na maneno ninayoyakumbuka ni machache, na baada ya wiki mbili akanichoka. Mjukuu wangu akatafuta kwenye simu. Akapata nyimbo za zamani, nzuri tu, za watu wengine. Mama akageuzia uso ukutani. Akaacha tena kula, na safari hii akaacha na kusema. Hapo nikajua kwamba kama nataka kumwona mama yangu akifungua mdomo tena, nahitaji ile ya kijani yenyewe, na sindano, na hendeli, na sanduku. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ndugu zangu kila mmoja alikuwa amekaa na kidole chake mfukoni.

Nilianzia Matembwe kwa mdogo wangu. Anapasua mbao, ana shamba la chai, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa mwingi anaonekana zaidi kilabuni kuliko shambani. Hendeli ilikuwa imetundikwa kwenye msumari sebuleni, chini ya rozari, imepakwa mafuta. Hilo lilinigusa kidogo. Santuri yake, ile nyekundu, ilikuwa imefunika ndoo ya ulanzi jikoni, na hilo lilinirudisha nilipokuwa. Nikamwuliza kama baba alitoka nayo Nairobi ili ije izuie nzi. Akacheka, akasema, dada, tangu uingie hujanisalimia. Ni kweli, sikuwa nimemsalimia. Nikasema kamwene, kwa sauti ya mtu anayedai.

Lakini hendeli hakunipa. Akasema yeye hana neno, ila kaka mkubwa atasema amevunja mgawo. Kikopo cha sindano, akaniambia, kilikwisha kupotea zamani kwa mjane wa baba mdogo, watoto walichezea. Nikataka kulia. Ndipo akakumbuka kitu ambacho mimi nilikisahau: sindano za chuma zilipokuwa hazipatikani, baba alichonga za mwanzi. Kipande chembamba cha mwanzi mkavu, kinanolewa kwa wembe mpaka kiwe na ncha, kinapiga wimbo mmoja au miwili, kisha kinanolewa tena. Mianzi imejaa nyuma ya nyumba yake. Akaahidi kuchonga.

Nikaenda Makambako kwa kaka. Ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara kuu, na nyumba ya vigae inayopigwa na upepo wa pale pande zote. Sanduku la gramafoni lilikuwa sebuleni limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake televisheni. Ukutani, kando ya kalenda ya jimbo, mwanawe alikuwa ametundika ya kijani. Nilisimama mbele yake nikihema. Msumari walikuwa wameupitisha kwenye tundu la katikati. Nilishukuru Mungu kwamba santuri huja na tundu lake, la sivyo wangeitoboa.

Nilimweleza kaka habari ya mama kwa utulivu wote niliokuwa nao. Alinisikiliza huku akipokea simu za wateja. Kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki, kilichogawanywa na wazee kimegawanywa, na kama mimi mtoto wa kike nikianza kukusanya vitu vya baba nyumba kwa nyumba, watu watasema nini. Nikamwambia watu watasema mama yake anakufa kwa njaa. Akasema nisimpandishie sauti nyumbani kwake. Akasema hasira hasara. Nikamwambia hasara nimekwisha kuipata, kwa hiyo hasira ni yangu halali.

Mwishowe akasema lazima kikao. Kikao cha ukoo, kwa ajili ya kuwasha gramafoni! Kikaahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya harusi, mara ya pili kwa sababu ya kuvuna viazi. Majuma sita. Majuma sita mama anakula vijiko vitatu kwa siku, mkono wake umebaki ngozi, na wanaume wazima wanatafuta tarehe inayomfaa kila mtu. Nilikuwa nikiamka, naswaki kwa hasira, nasali kwa hasira. Mwanangu aliniambia nitapata presha. Presha ninayo tayari, nikamwambia, haiwezi kuja mara mbili.

Walipokaa, walikubali kwa masharti. Gramafoni ingeunganishwa siku moja tu, Jumapili, Makambako kwa kaka, mbele ya warithi, na jioni kila mmoja angeondoka na kipande chake. Kaka aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayenipa zawadi. Nikakubali. Kwa ajili ya kijiko cha uji ningekubali hata ningeambiwa nitambae kwa magoti kutoka Njombe.

Tulikodi teksi. Nilimvika mama sweta mbili, gauni lake la Pasaka na kitambaa cheupe kichwani. Sebule ya kaka ilikuwa imejaa: ndugu, majirani, watu wa jumuiya, kila mtu na soda yake. Kaka alikuwa amevaa koti la suti. Televisheni ilishushwa, sanduku likafutwa vumbi, likafunguliwa. Mdogo wangu akaingiza hendeli kwenye tundu lake, ikaingia bila kusumbua. Alikuwa ameleta vipande vya mwanzi saba, amevifunga kwenye kitambaa kama dawa. Mtoto wa kaka akaishusha ya kijani ukutani. Namkumbuka mdogo wangu alivyovipanga vipande vile kimoja kimoja, na nikamsamehe ile ndoo.

Kaka akasimama, akasema maneno. Alimshukuru Mungu, akamshukuru marehemu baba, akausifu umoja wa ukoo wetu. Umoja! Nilitazama chini. Kisha akamgeukia mama, uso umemjaa tabasamu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama, njoo uzungushe. Fundi wetu ni wewe."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, ambaye nimejaza kurasa hizi kwa kuwasema wengine, nilikuwa wa kwanza kumshika mama mkono. Nilifurahi. Niliona ndilo jambo zuri kuliko yote, mama arudi mahali pake. Nikamwinua kwenye kochi, nikamtembeza hatua nne, nikauchukua mkono wake ule uliobaki ngozi na kuuweka juu ya hendeli.

Mama akaitazama hendeli. Watu sebuleni wakadhani anakumbuka raha. Kisha akautoa mkono wake, akaufuta kwenye gauni. Alikuwa hajasema sentensi nzima kwa mwezi na zaidi.

"Nimezungusha mpaka mmekua," akasema. "Baba yenu anacheza, mimi nazungusha. Una mimba, zungusha. Una mtoto mgongoni, zungusha. Hata wimbo mmoja sijausikia nimekaa."

Akanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa nimemshika.

"Nirudishe nikakae. Azungushe yeye aliyeniita."

Mtoto wa mgongoni nilikuwa mimi. Nililala mgongoni pale Jumapili ngapi, sijui, huku bega lake likienda mbele na nyuma, nikakua, nikawa mwalimu, nikawaambia watu kwamba mama yangu alipenda santuri mno, hata alikuwa haondoki kwenye gramafoni. Angeondoka vipi? Springi ikilegea wimbo unazama, dansi inaharibika, na baba anageuka kumtazama. Nilipigania sanduku, nikapigania hendeli, nikawatukana wazee waliokufa kwa sababu hawakumwuliza mama neno. Na mimi nami sikumwuliza. Nilimrudisha kwenye kochi, na sijui kati yetu nani alikuwa anamshika mwenzake.

Kaka alikuwa bado amesimama na tabasamu lake, amesahau kuliondoa. Alitazama huku na huku kama anayemtafuta mtu wa kumtuma. Mdogo wangu akajifanya ananoa mwanzi. Wake zao hawakuinuka. Hatimaye kaka akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti, akainama, akazungusha.

Ya kijani ikaanza kukwaruza, kisha magitaa yakaja. Yalikuwa mbali, kama yanapigwa nyumba ya tatu, lakini yalikuwa yenyewe. Mama aliegemea nyuma. Hakulia, hakutabasamu. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe iliyochelewa, anaitika kidogo kwa kidevu kila msichana anapotoa kisingizio. Mke wa kaka akaleta uji, nikampelekea kijiko mdomoni, akapokea bila kunitazama. Wimbo ukaisha.

"Tena," akasema mama.

Mdogo wangu akabadilisha mwanzi. Kaka akazungusha. Ulipokwisha, mama akasema tena. Majirani walianza kuaga mmoja mmoja, kwa sababu hii haikuwa sherehe waliyoitiwa. Jua likaondoka dirishani. Hakuna aliyetaja masharti ya kikao, wala nani angeondoka na kipande gani. Kikombe cha kwanza kilikwisha, mke wa kaka akajaza cha pili.

Mara ya sita, au ya saba, kaka alikuwa amelowa jasho, na Makambako ile upepo unapiga vioo. Mkono ulikuwa unamuuma, nilimwona akiukunja na kuukunjua. Akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile bila ukubwa wowote, akasema, "Nipokee kidogo, mdogo wangu."

Nilikuwa nimekaa karibu na mama, bega langu kwenye bega lake, na bega lake lilikuwa limetulia.

Nikamwambia azungushe.